Kilo Ishirini na Tatu

Januari, Rosario inatokota.
Nyenje wanakereza mchana kama misumeno mibutu,
feni inazungusha joto lile lile,
nami nimepiga magoti sakafuni
nakunja sufu.

Nani anaamini baridi huku jasho linamtiririka?
Sweta la Lautaro nimelishika kwa ncha za vidole
kama mtu aliyeokota paka wa jirani.
Soksi nene, jozi nane. Glavu. Kofia ambayo Maite
amekwisha apa hataivaa hata afe.
Na chini yake, siri yangu mwenyewe,
magauni saba.

Ndiyo, saba. La kijani lenye vifungo mgongoni,
la kitani, la maua madogo, jeusi la kwendea kula usiku,
mengine hata siyakumbuki. Niliyalipia kidogo kidogo
kwa Zulema wa kona ya pili,
kwa ajili ya mwanamke fulani
ambaye angetembea Trieste kando ya bahari
akitumia jina langu.

Mama mkwe, Nives, akaja na koti la marehemu mama yake.
Rangi ya kahawa iliyopoa, zito kama ng'ombe aliyelowa,
linanuka kafuri.
Nikalitoa. Akalirudisha.
Nikalitoa tena, nikalificha nyuma ya mlango wa bafu.
Anselmo alipopandisha sanduku kwenye mizani
ikasoma ishirini na sita na nusu,
na koti lilikuwa ndani.
Basi tukatoa viatu vya Anselmo.

Kule upepo una jina lake. Unaitwa Bora.
Bora ungekaa kwako.
Bora ungemsikiliza mkweo.
Uliniingia mikononi, ukatokea kolani,
ukanipekua kuliko maafisa wa forodha,
nami nimekumbatia nguzo ya taa kama mlevi
huku mbwa wa bibi mmoja akipita zake,
amevaa vizuri kuliko sisi.

Kwa hiyo katika picha zote, mia mbili na kumi na moja,
nimevaa koti.
Mimi na koti kwenye ngazi za San Giusto.
Mimi na koti na bakuli la jota,
supu ya maharage na kabichi chachu,
joto pekee tulilolipata siku ile.
Maite ana soksi za baba yake mikononi
(kofia aliivaa saa ya kwanza; hakuna aliyethubutu kumkumbusha).
Lautaro analilia glavu
iliyopeperuka juu ya mfereji
ikimpungia.

Mama wa chumba cha makoti, pale makumbusho,
alilipokea kwa mikono miwili, akapapasa bitana.
Mshono huu naujua, alisema, bibi yangu alishona hivi.
Akakataa senti zangu.

Siku ya tano nililivaa la kijani.
Chumbani. Anselmo akifunga vifungo
kwa vidole vilivyokufa ganzi, akakwama cha nne.
Tukacheka hadi watoto wakagonga ukuta.
Nikavaa sweta juu yake, na koti juu ya sweta,
tukaenda kula.
Nani angejua? Mimi nilijua.

Sasa ni Februari, na Rosario bado inatokota.
Magauni sita yametoka kama yalivyoingia,
mikunjo imara kama barua zisizofunguliwa.
Koti nimelianika uani. Mifukoni: risiti,
ganda la chungwa, glavu iliyobaki mjane.
Nives anahesabu vifungo kwa kidole. Vitano.
Viliondoka sita.
Anahesabu tena, akianzia chini.

"Hicho kililegea tangu zamani," anasema.
Kisha, bila kuniangalia:
"Na magauni, je? Yalikupendeza?"
"La kijani," nasema. "Watu waligeuka."
"Naamini," anasema, naye picha amekwisha ziona zote,
akaendelea kupiga brashi kola,
pale ambapo kafuri imeshindwa
na panatunuka sisi.